Mambo ya Leo Katika Mji Mgeni

Masomo: Kutoka 16:13-21, Yeremia 29:4-7

Leo twazungumza nanyi kutoka Mamboleo, hapa Kisumu, na neno letu lawahusu hasa wale waliohama: mwalimu aliyepewa uhamisho, kijana aliyekuja kutafuta kazi, bibi arusi aliyemfuata mumewe, na mzee aliyeletwa mjini na watoto wake ili awe karibu na matibabu. Nao wenyeji wasizime redio, maana mgeni hawezi kukaa vizuri pasipo mwenyeji.

Swali letu ni moja, na kila mtu alijibu moyoni mwake. Ndugu msikilizaji, katika mji huu unakaa, au unapita?

Wako watu waliolipa kodi ya nyumba miaka kumi mahali pamoja, na hata sasa wanapita. Masanduku yao hayajafunguliwa yote. Pazia zuri limekunjwa chini ya kitanda, likingoja kutundikwa kwao. Jina la jirani hawalijui. Ukiwauliza habari za hapa, hukujibu habari za kule walikotoka. Hawa si watu wabaya. Wengi wao ni waaminifu kanisani, na kila mwezi hawakosi kuwatumia wazazi fedha. Ila wameahirisha kuishi. Wanangoja siku ile watakaporudi kwao, ndipo waanze kufurahi. Nasi twataka kusema kwamba siku ya leo nayo ni ya Mungu, na ameitilia riziki yake na furaha yake. Asiyeipokea leo hataikuta kesho mahali alipoiacha.

MJI WA WAGENI

Kwa wale wasiopajua, Mamboleo ni njia panda iliyo upande wa kaskazini-mashariki wa mji wa Kisumu. Barabara moja yapanda vilima kwenda Kiboswa, Chavakali na Kakamega. Nyingine yaelekea Miwani, Chemelil na Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa. Wakenya wengi walilisikia jina hili tarehe 1 Juni 2021, sikukuu ya Madaraka ilipoadhimishwa hapa katika uwanja mpya wa michezo wa Jomo Kenyatta. Sisi tukaao hapa twalisikia kila siku kutoka vinywani mwa makanga wa matatu, na kwa Kiswahili lina maana nzuri: mambo leo. Halisemi mambo ya jana, wala halisemi mambo ya siku tutakapostaafu.

Na Kisumu yenyewe tangu zamani ni mji wa watu waliotoka kwingine. Jina lake huhusishwa na neno la Kiluo la kutafuta chakula kwa kubadilishana: mwenye samaki alikutana hapa na mwenye nafaka, kila mmoja akarudi na kile alichokuwa hana. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati ule Port Florence. Wengi walioijenga walikuwa wameletwa kutoka India, na baadhi yao hawakurudi. Walifungua maduka, wakajenga nyumba, wakazeeka hapa. Mwaka 1902 wamishonari wa kwanza wa Marafiki walipita Kisumu wakapanda kwenda kuanza kazi Kaimosi. Mwaka 1906 Waanglikana wakaanza kazi Maseno. Basi hata Injili ilifika pande hizi za ziwa ikichukuliwa na wageni, watu ambao walifungua masanduku yao wakajifunza lugha ya mahali.

Kwa hiyo, ndugu uliyehamia hapa mwaka huu, usidhani kwamba wewe peke yako ndiwe mgeni. Mlango unaoogopa kuubisha, mwenye nyumba hiyo naye aliwahi kubisha mlango wa mtu mwingine.

MANA YA KILA ASUBUHI

Tufungue sasa kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Wana wa Israeli wako jangwani, mahali wasipopajua. Asubuhi umande unapoondoka, waona kitu kidogo, cheupe, kimetanda juu ya nchi. Wanaulizana kitu hicho ni nini, na kutokana na swali hilo kikapata jina lake, mana. Angalieni jambo hilo. Zawadi ya Mungu ilikuwa chini ya miguu yao, nao hawakuitambua mpaka walipoinama na kuuliza.

Kisha Musa akawaagiza waokote ya siku moja, pishi moja kwa kila mtu. Walioweka akiba hadi asubuhi waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Ila siku ya sita waliokota maradufu kwa ajili ya Sabato. Mana ilikuwa ya leo.

Tena katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, twawaona watu wale wale wakilia. Wamechoka na mana. Wanakumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Lakini hakuna anayekumbuka mijeledi ya wanyapara wala matofali. Hivyo ndivyo moyo unavyotufanyia tukihama. Hutuletea matango ya kule tulikotoka, ukayaacha mateso ya kule.

Twasikia hayo hapa Kisumu. Mtu wa milimani husema hapa pana joto, kwao watu hulala na blanketi mbili. Mtu wa Pwani husema samaki wa ziwani hana chumvi, samaki ni wa bahari. Mtu wa Nairobi husema hapa watu hawana haraka. Na kweli, joto lipo. Mbu wapo, nao huleta malaria, lazima tulale ndani ya chandarua. Hatusemi mtu ajidanganye. Shukrani haina haja ya uongo. Mana yenyewe ilianguka jangwani, na jangwa halikuacha kuwa jangwa. Lakini aliyeinama aliokota, na aliyesimama akinung'unika alishinda na njaa.

Basi hebu tuiname, tuokote mana ya Mamboleo.

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, ndege aitwaye kwarara hupita juu ya mabati akipiga kelele. Sauti yake si nzuri, lakini hachelewi. Kule njia panda, akina mama wamekwisha kuwasha majiko. Chai ya maziwa inachemka, mandazi yanatolewa mafutani, na pembeni ipo sufuria ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja. Simama hapo, ndugu, usinywe chai ukiangalia saa. Mwambie yule mama "Oyawore". Ukikosea kutamka, atacheka, kisha atakufundisha kujibu, "Oyawore ahinya". Siku hiyo umepata kifungua kinywa na umepata mwalimu, kwa bei ya chai peke yake.

Mchana joto hushika. Watoto wa shule hutafuta kivuli, na fundi cherehani hunyamaza. Lakini ngojeni. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyopata moto juu ya nchi hupanda, na hewa ya ubaridi iliyo juu ya ziwa huja kushika nafasi yake. Ndipo nguo zilizo kambani huanza kucheza, na fundi huvuta cherehani yake mpaka mlangoni. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa mapema, na upepo huvuma kuelekea ziwani. Huo ndio mpango wa Muumba, nao haujakatika tangu ziwa lilipokuwa ziwa. Upepo huo hauna mita, wala hakuna aletaye bili yake mwisho wa mwezi. Ni mara ngapi tumeupokea kifuani, tukaendelea kulalamika juu ya joto?

Alasiri nyingi mawingu hukusanyika upande wa vilima vya Nandi, yakawa meusi, na ngurumo ikasikika. Mvua ya Kisumu haibishi hodi. Watu hukimbilia varanda ya duka lililo karibu: mwanafunzi, mchuuzi wa miwa, karani aliyeficha karatasi ndani ya koti, bibi mwenye kuku. Kwa nusu saa hakuna aendaye popote. Hapo ndipo watu huulizana, "Umetoka wapi? Unakaa wapi?" Sisi tuliohamia hapa twaweza kushuhudia kwamba marafiki wetu kadhaa tulipewa na mvua.

Jioni, kando ya barabara, akina mama hukaanga ngege na mbuta, na harufu yake humrudisha nyumbani hata mwenye madeni. Omena hupimwa kwa gorogoro, na muuzaji mwema huongeza konzi moja juu. Haba na haba hujaza kibaba, na konzi ile moja ya juu haimo katika hesabu, ni upendo. Ukipanda kidogo kwa barabara ya Kakamega kuelekea Riat, kisha ukageuka nyuma, utaliona ziwa lote la ghuba ya Winam likiwa jekundu kwa jua linaloshuka. Na usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa omena huwaka huko majini, utadhani ni mji wa pili umejengwa juu ya ziwa.

Na jambo moja zaidi. Njia panda hii yawakutanisha Waluo wa uwandani na Waluhya wa vilimani. Lugha zao si ndugu hata kidogo. Lakini Mluo akimwomba Mungu humwita Nyasaye, na Mmaragoli wa kule juu naye humwita Nyasaye. Kaa kimya ndani ya matatu usikilize wazee wakiagana, utalisikia jina hilo pande zote mbili za kiti.

JINA LA KUITA

Labda msikilizaji atasema, "Hayo ni mambo madogo. Chai, upepo, samaki. Mimi nina shida kubwa." Twakubali kwamba ni madogo. Lakini mtu asiyekuwa na macho ya kuona mambo madogo ya mahali, mara nyingi hawaoni hata watu wa mahali. Hapo ndipo hatari ilipo.

Katika ushirika wetu yuko mama mmoja aliyeturuhusu kusimulia habari zake bila kumtaja jina. Alikuja Mamboleo kutoka Ukambani, akimfuata mumewe ambaye ni dereva wa malori ya safari ndefu. Wakapanga chumba katika ploti yenye milango minane. Mume alimwambia, "Ni mwaka mmoja tu, mama, kisha tutarudi." Basi yule mama hakufungua vitu vyake. Sahani zake za arusi, sahani sita za udongo zenye maua, alizitia katika katoni, kila moja imefungwa kwa gazeti. Wakawa wakila kwa sahani mbili za plastiki. Mwaka mmoja ukawa miaka mitatu. Watu wa ploti aliwajua kwa sauti tu: yule wa redio, yule wa pikipiki, yule wa omena. Hakuwa na kiburi. Aliona tu kwamba ni hasara kuzoeana na watu ambao utawaacha.

Usiku mmoja wa mvua, mume akiwa safarini mbali, mtoto wao wa miaka minne alishikwa na homa kali, na kabla ya saa nane mwili ukaanza kutetemeka. Simu ya mume haikupatikana. Mama akafungua mlango, mtoto mikononi, akataka kuita mtu. Akakuta hana jina la kuita. Miaka mitatu, milango minane, na hana jina hata moja. Akalia tu gizani, "Hodi! Hodi jamani!"

Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa yule mama wa omena. Hakuuliza mengi. Alisema, "Lete mtoto, dada. Tangu juzi namsikia hana raha." Akamfunga kwa leso, akaenda akagonga kwa kijana wa pikipiki, nao wakaenda wote katika mvua ile. Hospitalini mtoto akaonekana ana malaria, akatibiwa, na Mungu akamponya. Akina mama wale wawili wakakaa kwenye benchi mpaka kulipopambazuka. Ndipo yule mgeni akasema kwa aibu, "Samahani, dada, sijui jina lako." Mwenzake akacheka, akamwambia jina lake, kisha akasema, "Mimi lako nalijua. Mumeo hukuita kwa sauti kubwa kila afikapo getini."

Mtoto alipopona, mama yule alifungua katoni ili amwandikie jirani yake chai. Akakuta sahani mbili zimevunjika ndani ya gazeti. Hakuna aliyezitumia, hakuna aliyeziangusha. Zilivunjika kwa kuwekwa tu.

Wapendwa, mkumbuke ile mana iliyowekwa hadi asubuhi. Ziko furaha ambazo mtu azitunza kwa ajili ya mahali pengine, na siku ya kuzifungua azikuta zimeharibika. Mama huyo sasa anawajua watu wote wa milango minane. Amefundishwa kupika omena: aoshe kwa maji ya moto, akaushe juu ya jiko, akaange kwa kitunguu na nyanya, kisha amalizie kwa maziwa. Na zile sahani nne zilizobaki ndizo alizotuandalia sisi tulipomtembelea.

MIAKA MIWILI AU SABINI?

Sasa tuutazame waraka wa nabii Yeremia, sura ya 29. Watu wa Yuda walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na mfalme Nebukadreza, wakapelekwa Babeli. (Wenyeji wa Kisumu wasikasirike, hatusemi mji wao ni Babeli!) Katika sura ya 28 twamsikia nabii mmoja, Hanania, akiwatangazia watu kwamba baada ya miaka miwili wote watarudi. Ni habari tamu. Mtu akiisikia, atafungua sanduku la nini? Lakini Hanania hakutumwa na Bwana. Yeremia aliwaandikia kweli iliyo ngumu: itapita miaka sabini. Kwa mtu wa miaka thelathini, maana yake ni kwamba maisha yake yote yaliyobaki yatakuwa kule kule.

Na je, wafanyeje? Aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake. Wapande bustani na kula matunda yake. Waoe na kuozesha. Tena wautakie mji ule amani na kuuombea, maana amani ya mji ndiyo itakayokuwa amani yao. Tazameni, hakuwaambia wapande bustani tu, aliwaambia wale. Kuonja tunda la mji mgeni kulikuwa ni sehemu ya utii.

Sisi tukaao Kisumu twajua amani ya mji ina uzito gani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maduka ya mji huu yalichomwa, watu waliuawa, na familia zilizokaa hapa miaka mingi zilifukuzwa kwa sababu ya kabila lao. Siku zile zile magari yalikuwa yakifika yamejaa watu waliofukuzwa Naivasha, Nakuru na kwingineko kwa sababu kama hiyo. Wengine waliambiwa wanarudishwa kwao, kumbe hawajapata kukaa huku hata siku moja. Wengi walianza upya, wakilala kwa ndugu au kanisani, wakitafuta chumba na kazi.

Hatutasema kwamba ujirani ungaliweza kuzuia yote. Wako waliosalitiwa na majirani waliokula nao. Lakini wako pia waliofichwa, waliosindikizwa usiku, waliolindiwa vyombo vyao mpaka waliporudi. Nao waliofanya hivyo hawakuanza kujuana siku ya moto. Walianza siku ya chumvi, siku ya kuazimana jiko, siku ya kuulizana habari za watoto. Amani ya mji haitengenezwi na wakubwa peke yao katika mikutano. Yaanza pale mtu anapojua jina la kuita.

JE, TUSAHAU KWETU?

Najua mzee mmoja huko anatikisa kichwa. "Waswahili walisema, mkataa kwao mtumwa. Je, mwatufundisha kusahau nyumbani?" La, baba, hasha.

Katika nchi hii jambo hili ni zito. Mluo hutofautisha ot, nyumba ya kulala, na dala, boma la asili. Mtu aweza kuwa na nyumba nzuri mjini, na hata hivyo akaambiwa hana nyumbani mpaka awe na dala. Wengi wenu mwaikumbuka kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe kwao. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, na mwezi wa Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Hatutaki kuamua kesi hiyo upya. Twaitaja ili tuone jinsi swali la nyumbani ni wapi linavyoingia ndani ya moyo.

Lakini mtazameni Danieli. Alichukuliwa Babeli akiwa kijana, akazeeka huko. Katika sura ya 6 twasoma kwamba madirisha ya chumba chake yalielekea Yerusalemu, naye alipiga magoti mara tatu kila siku. Hakusahau kwao. Hata hivyo maadui walipochunguza kazi yake katika ufalme ule mgeni, hawakuona kosa wala uzembe. Dirisha lake lilielekea nyumbani, na mikono yake ilikuwa kazini pale alipo. Hivyo nasi yatupasa. Mtumie mama yako fedha, nenda kwenu sikukuu, wafundishe watoto lugha yako. Kisha rudi, ufungue katoni.

Na sisi Wakristo tunayo sababu nyingine. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, asema Ibrahimu alikaa katika nchi ya ahadi kama mgeni, akikaa katika hema, akiutazamia mji ambao Mungu ndiye mwenye kuujenga. Ikiwa hata dala si mwisho wa safari yetu, basi popote tulipo ni hema. Na mtu ajuaye kwamba ni hema hukunja mkeka wake bila kinyongo siku ya kuondoka. Lakini usiku wa leo huutandika vizuri.

KAZI YA JUMA HILI

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi leo twawapa jembe, wageni na wenyeji pamoja.

Kwanza, jua majina matatu. Jina la jirani wa kushoto, la jirani wa kulia, na la mtu mmoja anayekuuzia chakula kila siku. Yaandike ikiwa wewe ni msahaulifu, nawe uyataje majina hayo katika sala ya jioni.

Pili, kila usiku kabla ya kulala, mtaje Mungu jambo moja la siku hiyo ambalo umelipata katika mji huu na halikukugharimu kitu. Wazazi, fanyeni hivyo pamoja na watoto. Watoto wana macho mazuri kuliko yetu, watawafundisha.

Tatu, toa kitu kimoja ulichokuwa ukikiweka kwa ajili ya siku nyingine, ukitumie juma hili pamoja na mtu. Ikiwa ni pazia, litundike. Ikiwa ni sahani, pakulia.

Nanyi wenyeji, mmesikia isemwavyo, mgeni njoo mwenyeji apone. Mkimwona mtu mpya katika ploti, msingoje abishe usiku wa mvua. Mtangulieni kwa mchana, hata kwa moto wa kuwashia jiko, hata kwa kumwonyesha mahali ambapo maji hayakosi.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyewalisha watu wako jangwani siku kwa siku, twakushukuru kwa siku hii ya leo. Twakushukuru kwa chai ya asubuhi, kwa upepo wa ziwa, kwa mvua ya alasiri, na kwa jirani aliye nyuma ya ukuta. Uwakumbuke waliohama kwa hiari, na waliofukuzwa kwa nguvu. Uwakumbuke wazazi waliobaki nyumbani wakiwangojea watoto wao. Upe mji huu amani, na miji yote wanamokaa wasikilizaji wetu. Utufumbue macho tuone ulichotuwekea leo, na utupe mioyo ya kukigawanya kabla ya jua kushuka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.